Maiti wa Msimu wa Sita

Saa kumi alfajiri wananipaka kifo.
Kijivu kwanza, kisha kijani cha shaba iliyolala mvuani,
kisha msichana wa vipodozi, ulimi kauuma kwa makini,
ananichorea mshipa shingoni kwa brashi ya unywele mmoja.
"Usicheke, Bwana Theriot, shavu litapasuka."
Msimu wa sita huu. Nimeuawa mara kumi na moja:
kwa shoka, kwa nondo, kwa risasi, mara moja kwa sufuria,
na bado kila Ijumaa napokea hundi, na mke wangu
haniruhusu ndani kabla sijaoga kwa mpira wa bustani.

Kiwanda hiki nakijua. Miaka ishirini na miwili
nilisaga miwa humu, hadi wenye mali walipofunga lango
kwa barua ya mistari minne.
Sasa kwenye televisheni ni ngome
ya walio hai wa mwisho katika Luiziana yote,
na sisi wafanyakazi wa zamani
tumeajiriwa upya kuwa wafu wa nje ya uzio.

Leo hadithi imegeuka. Hatuvunji kitu.
Adui yumo ndani, na jina lake ni kikohozi.
Kimeanzia kwa mtoto, kikahamia jikoni,
na Kamanda Merritt, mwenye kovu la gundi,
amesimama mbele ya bohari ya sukari,
vidonge tisa kiganjani, wagonjwa thelathini na wanne.
Kaka yake yumo. Anamwita kwa jina la utotoni.
"Fungeni," anasema Merritt. Komeo linashuka.
Mara saba linashuka,
kwa kuwa taa haikukaa, kwa kuwa ndege ilipita,
kwa kuwa chozi liliwahi mno.
Nami nimeng'ang'ania waya, nagugumia nilivyofundishwa,
najiuliza: basi uongozi ndio huu,
kujua mlango upi ufungwe?

Mara ya nane, kuliani kwangu, Alcide Guidry akakohoa.
Haimo katika mswada. Wafu hawakohoi.
Alcide alikuwa mtu wa tanuri; alichochea moto
kwa makapi makavu ya miwa, na vumbi lake
akaondoka nalo kifuani, kiinua mgongo pekee alichopewa.
"Kata!" Mwongozaji kapaza sauti. "Nani huyo?
Maiti mwenye kofia, jizuie!"
Alcide akajizuia.
Akajizuia hadi magoti yakamwisha.

Tulikuwa wafu sitini. Tukatazamana
kwa macho yale meupe ya plastiki,
na hakusogea hata mmoja. Tumezoea kungoja neno "Anza".
Kamanda akamtazama mwongozaji.
Mwongozaji akatazama saa.

Aliyesogea ni Verlene Batiste wa chakula,
na aproni yake, na mwiko unaodondosha mchuzi wa bamia.
Alipita katikati ya kamera na jua lao la kukodi,
akapiga magoti topeni, akambandua Alcide uso wa mpira,
akamlaza ubavu.
"Gari," akasema, kama anayeomba chumvi.
"Wewe, funguo unazo. Wewe, blanketi.
Na wewe Kamanda, mshike kichwa."

Na Kamanda akamshika kichwa.
Gundi ya kovu lake ikamdondokea Alcide kwenye paji.

Hakuna aliyehesabu vidonge.

Oktoba kipindi kikaonyeshwa. Tulijazana sebuleni kwa Alcide,
yeye na mrija puani, mtungi wa oksijeni ukihema kando yake
kama mbwa mzee.
Merritt akafunga mlango, kaka akaita,
wake zetu wakatafuta leso.
Verlene walikuwa wamemkata, bila shaka. Yeye mwenyewe
alikuwa jikoni, akimkemea mtu juu ya wali.

"Ngoja," Alcide akasema. Akarudisha picha nyuma,
akaisimamisha, akajiinua kitini kwa tabu
hadi kidole kikagusa kioo:
chini kabisa, kwenye tope, mbele ya miguu ya wafu,
mwiko.